Sala Kwenye Mdomo wa Tangi

Kambini, tarehe 2 Februari

Mama Watoto,

Watu huanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako tu. Mimi leo nageuza. Wewe najua u mzima, maana dereva wa lori aliyeniletea barua yako kasema ulimfokea kwa kukanyaga vitambaa vyako vya sare. Mgonjwa hafoki hivyo. Hofu iko huku kwangu, na ni nyingi.

Wamenihamisha. Sibebi tena magunia ya sukari uwanjani. Sasa niko kwenye matangi ya molasi, yale maji meusi mazito yanayobaki miwa ikishatoa sukari. Tangi moja ni refu kama nyumba ya ghorofa, na mlango wake ni tundu ubavuni, karibu na ardhi, mtu anapita kwa tumbo. Sisi tunaliita mdomo. Molasi ikishatolewa, chini hubaki tope la kukwangua, na tope hilo huchacha. Likichacha linaharibu hewa, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mtu anakwangua huku anapiga mluzi, halafu mluzi unakatika.

Kwa hiyo kazi ni ya wawili. Mmoja anaingia, kafungwa mkanda kifuani na kamba mgongoni. Mwenzake anakaa mdomoni kashika kamba. Wa ndani kila akivuta tope anagonga ukuta kwa mpini wa koleo, wa nje anamjibu kwa nyundo ya mbao. Kugonga kukikatika, unavuta. Huulizi, huiti, unavuta. Na humfuati ndani hata awe mama yako mzazi, maana mtatolewa maiti wawili.

Nimepangwa na jamaa ambaye kitanda chake kiko ubavuni mwa changu, ndiyo maana namwita Jirani. Ni mtu mzima, mpana wa mabega, na maneno hayamwishi. Dini hana, anasema alikuwa nayo akaisahau kwenye basi. Mimi ananiita Askofu kwa sababu nafumba macho kabla ya kula, na ameshanionya kwamba siku moja nitafumbua nikute sahani tupu. Yeye ndiye anayeingia, mimi nakaa mdomoni. Nilimwambia msimamizi mbele ya watu kwamba naogopa kuingia. Wenzangu walicheka. Msimamizi hakucheka. Alisema mwoga ndiye anayefaa kushika kamba, kwa sababu hasinzii.

Sasa nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia mtu hapa. Nimekauka. Nikipiga magoti maneno yanaishia kooni, kama vidonge vinavyomezwa bila maji. Nyumbani nilikuwa naimba hata nikichimba shimo la choo. Huku narudi bwenini nimechoka mpaka mifupa, namsonya anayenigusa, nalala. Yale maneno ya Bwana juu ya mzabibu na matawi, kwamba tawi lisilozaa huondolewa, zamani niliyasikia kama habari za watu wengine. Siku hizi nayasikia kama mtu anayeitwa jina lake kwenye umati. Najitazama sioni tunda. Naona majani, na yenyewe yamejaa vumbi.

Niombee. Wasalimie watoto, na umwambie mdogo jino likitoka alitunze nilione.

Mumeo,
Baba Watoto


Nyumbani, tarehe 14 Februari

Baba Watoto,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikakaa. Hilo tangi silipendi. Kama wenzako wanakucheka kwa uoga, waache wacheke, wewe baki hapo hapo mdomoni. Nilikubali uende mbali, sikukubali uingie kwenye chupa.

Kuhusu kukauka, umenishtua kwa sababu nami nilikuwa na la kukuambia, na nilikuwa nikilipiga danadana. Mchungaji mpya amekuja na jambo lake. Amechora mti kwenye ubao mkubwa, ameutundika nyuma ya mimbari. Kila nyumba ya ushirika ina tawi lake limeandikwa jina. Anayeleta mtu kwa Bwana, tawi lake linabandikwa tunda la karatasi nyekundu. Fundi saa, yule mwembamba wa kona ya soko, tawi lake limeinama kwa matunda. Hata mama yako mzazi, na kukohoa kwake kote, ana mawili. Letu ni jeupe. Jumapili ya mwisho ya Machi matawi makavu yataondolewa ubaoni, na Mchungaji anasema si kwa kuaibisha mtu, ni kwa kuamsha.

Mimi ningevumilia. Lakini mwanao mdogo huyu mwenye jino aliniuliza tukiwa njiani, mbele ya watu, "Mama, Baba anakatwa lini?" Wanawake wakajifanya hawakusikia. Dada yake alilia mpaka nyumbani.

Sasa nakuuliza, mume wangu, bila kukusukuma. Huyo Jirani hana dini. Mnashinda wawili kutwa nzima. Mtu wa namna hiyo si ndiye aliyewekwa mbele yako? Wewe unasema huna tunda na tunda limelala kitanda cha pili.

Sare za shule zimenijaa, cherehani inalia kama paka. Watoto wazima.

Mkeo,
Mama Watoto


Kambini, tarehe 1 Machi

Mama Watoto,

Tangu barua yako ifike nauona huo ubao nikifumba macho. Naona mkono wa Mchungaji na mkasi. Najua ni karatasi tu, lakini mtoto akiuliza swali kama lile, karatasi inakuwa kitu kingine. Na ninachoogopa zaidi si ubao. Naogopa kwamba huenda ubao unasema kweli.

Nimejaribu. Wakati wa chakula nilimwambia Jirani habari za wokovu, akaniuliza kama huko mbinguni kuna zamu za asubuhi. Nilimwambia roho yake iko hatarini, akasema afadhali roho, mgongo ndio unaomtesa. Nikianza kwenye foleni ya kuoga, anaacha foleni. Tukiwa bwenini anageukia ukuta na kukoroma kabla sijamaliza sentensi, na mimi namjua akoromavyo kweli, pale anadanganya.

Mahali pasipo pa kukimbilia ni ndani ya tangi. Hapo nimeanza. Yeye anakwangua na kugonga, mimi nimekaa mdomoni na kamba, naingiza kichwa kidogo na kumhubiria. Sauti inajaa mle ndani inarudi, inakuwa kubwa hata mimi inanitisha. Juzi aliniambia, "Askofu, wewe ni mtu wa kwanza kumhubiria mwenzake akiwa amemfunga kamba." Lakini hakukasirika. Alipotoka, mweusi mpaka kope, aliniuliza kama mimi mwenyewe naamini yote ninayosema au nimekariri. Nikainama kukunja kamba. Nadhani aliliona hilo.

Endelea kuniombea. Siku zinakwenda mbio.

Mumeo,
Baba Watoto


Kambini, tarehe 9 Machi

Mama Watoto,

Nakuandikia kwa haraka, dereva anawasha gari. Mwambie Mchungaji tunda limepatikana. Jirani ameomba pamoja nami. Waweke hilo ubaoni, watoto walione.

Jirani aliugua kidogo kazini, yuko hospitali ya kiwanda, anapata nafuu. Usiwe na wasiwasi.

Mumeo,
Baba Watoto


Nyumbani, tarehe 20 Machi

Baba Watoto,

Wamebandika. Jumapili Mchungaji alisoma barua yako kwa sauti, ile sehemu ya tunda, watu wakapiga makofi na wanawake wakanisukuma mbele. Mdogo alibebwa na fundi saa akabandike karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Aliibandika upande, na hakuna aliyethubutu kuinyoosha. Mama yako alilia. Dada mtu tangu siku hiyo anatembea kichwa juu.

Mimi nilisimama pale mbele nikihesabu mistari ya barua yako kichwani.

Mume wangu, wewe huandiki mistari mitatu. Wewe ukiniandikia habari ya sabuni unajaza ukurasa. Jambo kubwa hivi, mtu kumpokea Bwana, na hukuniambia hata alisema nini, alikuwa amekaa au amesimama, alilia au alicheka. Na halafu "aliugua kidogo".

Dereva alipita dukani kwa muuza mkaa, na kule akasimulia kwamba kambini kwenu mtu alivutwa kutoka kwenye tangi kama gunia, midomo ya rangi ya majivu, wakamkandamiza kifua mpaka akatapika. Hakujua jina. Alijua tu kwamba aliyeshika kamba ni yule anayefumba macho kabla ya kula.

Nina sindano mkononi na siwezi kuitunga uzi. Niambie. Hata kama ni baya, niambie. Hofu ya kujua naiweza. Hii ya kutokujua itanimaliza.

Mkeo,
Mama Watoto


Kambini, tarehe 29 Machi

Mama Watoto,

Kaa chini. Watoto wasiwepo.

Siku ile asubuhi Jirani aliingia kama kawaida. Alikuwa na mzaha wake, aliniambia nimhubirie kitu kipya, cha jana kimechacha kama tope. Nilianza. Nilikuwa nimelala vibaya kwa kuwaza ule ubao. Nikaona kuhubiri hakutoshi, leo nitamwombea papo hapo mpaka moyo wake uvunjike. Nikaiweka kamba mapajani. Nikafumba macho.

Mke wangu, nilifumba macho. Mtu aliyewekwa pale kwa sababu hasinzii. Niliomba kwa sauti kubwa, na tangi likawa linanirudishia sauti yangu, nikasikia utamu ambao sijausikia tangu niondoke nyumbani. Nikadhani Roho ameshuka. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Niliposema amina nikangoja agonge. Kimya. Kamba imelala mapajani kama utumbo. Sijui alinyamaza saa ngapi. Sijui kama aligonga ya mwisho nikiwa katikati ya kuita jina la Bwana.

Nilivuta. Alikuja mzito, kichwa kinagonga chuma. Nilipiga kelele, watu wakaja, mhudumu wa zahanati akamkandamiza kifua. Alipumua. Yuko hai, lakini kifua chake kimeharibika kidogo, na siku ile hakumbuki kabisa. Anakumbuka kunywa chai tu.

Halafu msimamizi akaniuliza, hapo hapo, nikiwa bado nimeshika kamba, "Aliacha kugonga lini?" Nami nikasema alikuwa hagongi vizuri tangu mwanzo. Maneno yalitoka yenyewe, laini, hayakukwama kooni kama yanavyokwama nikiomba. Msimamizi akatikisa kichwa. Akanishika bega akasema nimefanya vizuri kuvuta.

Jirani hakuomba nami. Hakuna tunda. Nilikuandikia uongo ule jioni ya siku hiyo hiyo, nikiwa na harufu ya matapishi yake kwenye shati, kwa sababu nilitaka kitu kimoja kizuri kitoke kwenye jambo lile. Nikamtuma mwanangu akabandike uongo wangu ubaoni.

Sasa sikia lililo mbele. Jumatano ya tarehe 3 kuna kikao. Kama mtu wa ndani hakugonga, kosa ni lake. Watamwachisha kazi na hospitali ya kiwanda haitamtibu tena. Kifua kile bila dawa hakitafika mbali. Hana habari. Nikienda kumwona ananitania. Jana alimwambia mwuguzi, "Huyu ndiye aliyenitoa. Askofu wangu huyu." Nikatoka kabla hajamaliza kucheka.

Nikisema kweli, nafukuzwa mimi. Nitarudi mikono mitupu, na kule mnapiga makofi. Nisiposema, namkata mtu kwa mkono wangu. Zamani niliogopa kuwa tawi kavu. Kumbe tawi kavu halimdhuru mtu. Mimi nimekuwa kitu kingine ambacho sijui jina lake.

Naogopa kikao. Naogopa kumtazama usoni. Naogopa kuomba, kwa sababu nikifumba macho nasikia kile kimya.

Mumeo,
Baba Watoto


Nyumbani, tarehe 6 Aprili

Baba Watoto,

Barua yako imefika leo na kikao chenu kimeshapita. Chochote ulichofanya umeshakifanya, na mimi nakuandikia mtu ambaye simjui, ama amesema ama hajasema. Nimelia mpaka dada mtu akaniletea maji bila kuuliza.

Kwanza nikupe langu, tusije tukasema ni wewe peke yako. Nilikuomba tunda kama mtu anayeagiza nyanya sokoni. Na kabla hata sijakuandikia ile barua ya Februari, nilikuwa nimeshawaambia wanawake wa ushirika kwamba unaongoza maombi bwenini kila jioni. Sikujua kama ni kweli. Nilisema kwa sababu mke wa fundi saa alinitazama vibaya. Kwa hiyo uongo ulianzia huku, ukaja kwako ukiwa umevaa nguo za kanisani.

Nilipomaliza kusoma nilivua aproni ya kushonea, nikaenda kanisani. Haikuwa siku ya ibada. Mchungaji alikuwa anafagia mwenyewe. Nilikwenda moja kwa moja ubaoni nikaibandua ile karatasi. Ilikuwa imeshikana vizuri, mdogo alipaka gundi nusu chupa, ikachanika na rangi ya tawi. Mchungaji aliuliza ninafanya nini. Nikamweleza yote, la kwako na la kwangu. Nilitegemea anikemee. Aliuegemeza ufagio ukutani. Halafu akaniuliza huyo mtu mwenye kifua anaendeleaje. Ndilo swali la kwanza aliloniuliza tangu ahamie hapa ambalo halikuwa na hesabu ndani yake. Ubao bado upo. Sijui ataufanya nini, na leo si hoja yangu.

Watoto nimewaambia kwamba Baba alikosea na anajaribu kutengeneza. Mdogo aliuliza kama tunda limeoza. Nikamwambia halikuwepo.

Sasa wewe. Kama hukusema kwenye kikao, barua hii ikifika uiweke chini, uvae viatu, uende kwa msimamizi. Usiombe kwanza. Nenda, utaomba njiani. Ukifukuzwa, njoo. Kuna cherehani moja na watu wanne, tutabanana. Nitakupokea ukiwa mtupu. Ukija umejaa kilichokuwa haki ya yule mtu, sijui kama nitaweza kukutazama ukila.

Na kama ulisema, basi nakungoja tu, vyovyote.

Naogopa pia. Usidhani ninaandika haya nikiwa jasiri.

Mkeo,
Mama Watoto


Kambini, tarehe 21 Aprili

Mama Watoto,

Barua yako ilinikuta nimeshasema.

Sikusema kwa ushujaa. Kikaoni walikuwa msimamizi, karani mmoja na mtu wa ofisini asiyevua miwani. Jirani aliletwa na mwuguzi kwa kiti cha magurudumu, na alikuwa anamtania karani. Msimamizi aliniambia nirudie yale niliyoyaeleza. Nikafungua mdomo na maneno laini yalikuwepo, tayari, yamejipanga. Halafu Jirani akaniangalia na kunitikisia kichwa, kama mtu anayemtia moyo mwoga. Alikuwa ananisaidia nimshitaki. Nikasema, "Aligonga vizuri. Mimi ndiye nilikuwa sisikilizi." Nikaeleza macho, sala, kamba mapajani, na uongo. Mtu wa miwani aliuliza mara mbili, "Ulikuwa unasali?" kana kwamba nimesema nilikuwa naogelea.

Jirani aliacha kucheka. Akamwomba mwuguzi amrudishe wodini.

Wameamua hivi. Yeye kazi yake ipo na matibabu yake yapo. Mimi naondoka, lakini baada ya lile tukio hakuna aliyekubali kuingia, na matangi mawili hayajamalizika. Kwa hiyo nitayamaliza mimi, kwa ndani. Likisafishwa la mwisho, napanda lori. Na kwa kuwa kifua cha Jirani hakiruhusiwi tena kuingia, wamempa kazi ya kukaa mdomoni. Msimamizi alimuuliza kama ana neno la kupinga. Akasema hana. Nami sikuulizwa.

Mke wangu, sijawahi kuogopa namna ile. Siku ya kwanza alinifunga mkanda mwenyewe. Alivuta kila kifungo mpaka nikakosa pumzi, na sikujua kama ni uangalifu au hasira. Bwenini alikuwa ameomba ahamishiwe kitanda cha mlangoni. Niliingia kwa tumbo. Ndani ni giza, joto, utamu unaokera, na mwanga ni ule tu wa mdomo, nao wote umejaa mabega yake. Nikavuta tope, nikagonga. Nikangoja. Nikafikiri, mtu huyu akitaka, ananyamaza tu. Hahitaji hata kufanya ubaya. Anyamaze tu, kama mimi.

Nyundo ikajibu.

Ikawa hivyo siku zote. Nagonga, anajibu. Hakuna salamu, hakuna Askofu, hakuna mzaha. Nikitoka ananifungua mkanda, ananipa maji, anaondoka. Nilijaribu kumwomba msamaha mara mbili. Ya kwanza alisema nisizibe mdomo, hewa haipiti. Ya pili aliendelea kukunja kamba.

Jana nikiwa ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma, aliingiza kichwa akaita.

"Siku ile ulikuwa unaniombea nini?"

Nilikuwa na majibu mazuri. Lakini mle ndani kila neno linakurudia usoni, na sikutaka kusikia lingine la uongo likinirudia. Nikamwambia kweli. Nikamwambia sikuwa namwombea yeye. Nilikuwa naomba nipate cha kuandika nyumbani.

Kimya. Nikagonga. Hakujibu. Nikagonga tena, kwa nguvu mpaka mpini ukaniponyoka topeni. Nikautafuta kwa vidole. Nikafikiri, ndiyo sasa, na haki yake.

Halafu nyundo ikagonga, taratibu. Akasema ana binti. Sikujua. Miezi yote hii, na kutwa kumhubiria, sikuwahi kumuuliza kama ana mtoto. Binti ni mkubwa, yuko mji mwingine, hasemi naye kwa jambo ambalo hakulieleza. Hajui hata kama baba yake aliwahi kuzimia ndani ya tangi.

"Niombee hilo," akasema. "Usiache kazi. Omba unakwangua. Na nikusikie ukigonga."

Nikaomba. Macho wazi, mikono topeni. Kila maneno machache nagonga ili ajue nipo, naye anajibu. Sikuomba aokoke. Sikuthubutu, na wala sikukumbuka. Niliomba binti yake amwandikie, au amjibu akimwandikia, na kama aliyekosea ni baba, apate nguvu ya kusema. Maneno hayakukwama. Yalikuwa machache tu, na hayakuwa na utamu wowote.

Nilipotoka alinifungua mkanda akasema kesho tuanze mapema kabla ya joto. Kitanda chake bado kiko mlangoni.

Kesho naingia tena. Bado naogopa, na nadhani nitaogopa mpaka siku ya kupanda lori. Lakini mtu akiniuliza leo kama tawi ni kavu au bichi, sitaki kuangalia. Nina kazi ya kushikilia.

Haya ya binti ni ya Jirani, amenipa niyabebe. Mchungaji usimwambie, wanawake usiwaambie, watoto usiwaambie. Wewe niombee naye, ukiwa unashona.

Mumeo,
Baba Watoto